Fundi Nijibu: Tyuna mbili, watazamaji watatu, rimoti moja

Mwezi huu meseji nyingi mlizotuma zinahusu kitu kimoja, hivi ving'amuzi vya kurekodi vyenye tyuna mbili, yaani vidaka chaneli viwili ndani ya boksi moja. Mi mwenyewe ninacho sebuleni hapa Soweto Mbeya, mwaka wa pili sasa, kwa hiyo ninayosema mengine ni ya ufundi na mengine ni ya mtu aliyewahi kununiwa na mkewe kwa sababu ya hiyo mashine. Twende.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Niko Uyole, shemeji yangu kaja kutoka Dar kaniletea king'amuzi kipya, akasema hiki kina tyuna mbili unarekodi mechi huku mama watoto anaangalia tamthilia yake na hakuna kugombana. Nikachomoa cha zamani nikachomeka hiki, waya ule ule wa dishi. Sasa maajabu yake, nikiwa narekodi kuna chaneli zinafunguka vizuri tu na nyingine zinaandika hakuna signo, na ya tamthilia ndo mojawapo ya zinazogoma. Nikiacha kurekodi zote zinafunguka. Mama watoto anasema nimefanya makusudi. Je shemeji kauziwa mbuzi kwenye gunia?

JIBU: Kaka, king'amuzi ni kizima na shemeji yako hana kosa, tatizo ni waya. Hebu kigeuze uangalie nyuma, kuna matundu mawili ya kuingizia waya wa dishi na wewe umechomeka moja.

Iko hivi. LNB, lile jicho la mbele ya dishi, haishushi chaneli zote kwa mpigo. Mawimbi kutoka kwenye setilaiti yanakuja mengine yamesimama mengine yamelala, halafu kila upande una masafa ya chini na ya juu, jumla makundi manne, na waya mmoja wa kawaida unabeba kundi moja tu kwa wakati mmoja. Anayeagiza ni king'amuzi: kikipeleka volti 13 juu LNB inashusha yaliyosimama, kikipeleka 18 inashusha yaliyolala, na kuna kimlio cha kilohezi 22 ambacho wewe husikii, hicho kinaiambia ihame kutoka masafa ya chini kwenda ya juu. Sasa chukulia huo waya wako ni daladala moja iko pale Mwanjelwa. Mechi yako imeshapanda na gari inaelekea Mbalizi. Chaneli yoyote ya njia ya Mbalizi itadandia humo humo bila shida, ndo hizo unazoona zinafunguka, lakini tamthilia ya mama watoto inaenda Uyole na gari moja haiwezi kwenda Mbalizi na Uyole kwa wakati mmoja hata konda apige kelele vipi.

Kwa hiyo tafuta LNB ya matundu mawili, vuta waya wa pili kutoka kwenye dishi mpaka tundu la pili la king'amuzi, basi, kila tyuna na daladala yake. Na angalizo hapa: kuna fundi atakuja na kile kispilita cha kugawanya waya mmoja kuwa miwili, bei chee, atakwambia ni kitu kile kile. Sio kitu kile kile. Tyuna moja ikiagiza volti 18 na nyingine 13 kwenye LNB moja ya tundu moja, LNB itamsikiliza mmoja tu na tatizo lako litakuwa pale pale, tofauti ni kwamba sasa umelipia. Zipo pia LNB za kisasa ambazo waya mmoja unatosha kwa sababu kila tyuna inapewa masafa yake ndani ya waya huo huo, ila lazima king'amuzi chenyewe kiwe kinaielewa hiyo LNB, soma kile kikaratasi cha ndani ya boksi kabla hujatoa hela. (Wa antena msihangaike na haya yote, antena inaleta chaneli zote kwenye waya mmoja kwa pamoja, tyuna mbili zinagawana humo humo ndani.)

Halafu hilo la "hakuna kugombana", hapo sasa shemeji yako alikuwa anafanya biashara. Tyuna mbili ni mbili. Ukirekodi vitu viwili kwa wakati mmoja, ulichobaki nacho cha kuangalia laivu ni kimojawapo cha hivyo viwili, au ufungue kilichorekodiwa zamani. Kwangu tuko watatu wenye matakwa: mimi mpira, mama watoto tamthilia, na mama mkwe akija kutoka Rungwe ni taarifa ya habari ya saa mbili, huyo huwezi kumwambia asubiri irekodiwe ataangalia kesho, habari ya jana anaiita maandazi ya jana.

Sasa nikupe kilichonikuta. Mechi ya Ulaya, ya mtoano, inaanza saa tano usiku, mi nina safari alfajiri, nikaweka irekodi nikalala. Narudi kesho jioni, nimezima simu siku nzima nisiambiwe matokeo, naweka chai mezani, naangalia mpaka dakika ya tisini ngoma droo, wanajipanga kwa ajili ya dakika thelathini za nyongeza, picha ikakatika. Imeisha. King'amuzi kinajua ratiba, hakijui mpira, muda ulioandikwa kwenye ratiba ukiisha kazi yake imeisha. Tangu siku hiyo mechi yoyote ya mtoano naiongezea saa nzima mbele, ipo sehemu kwenye menyu ya kuongeza muda kabla na baada. Nikajiona mjanja. Wiki ya pili yake hiyo saa nzima niliyoongeza ikagongana na tamthilia ya mama watoto na kitu kingine cha watoto, tyuna zote mbili zimeshikwa, king'amuzi kikauliza kwenye skrini kifute kipi, nyumba nzima imelala hakuna wa kujibu, kikaamua chenyewe. Kikaifuta tamthilia. Na ilikuwa siku ya harusi ndani ya tamthilia. Siku mbili nilikuwa najipakulia ugali mwenyewe.

Kwa hiyo kaka kila Jumapili jioni kaeni mfungue ratiba ya wiki pamoja, dakika kumi tu, muone wapi vitu vitatu vinagongana, na cha tatu kitafutieni marudio, tamthilia nyingi zinarudiwa kesho yake mchana, irekodi hiyo ya marudio. Mpira ndo haurudiki, ukirudiwa umeshaoza. Na kama nyumba iko karibu na kibanda umiza kama yangu, ukishasimamisha mechi laivu ukaenda kunywa maji ukarudi kuendelea ulipoachia, jua kwamba uko nyuma dakika tatu na wenzako kule kibandani watakupigia kelele za goli wakati wewe unaona kipa anaweka mpira chini apige goli kiki.

SWALI: Kamwene fundi. Mi ni dada wa Kihesa, Iringa. Niliweka king'amuzi kirekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa sababu natoka kazini nimechelewa, nikaandika 02:00 mpaka 03:00 kila siku. Wiki nzima nakuta mahubiri na matangazo ya sufuria. Kinakosea chaneli au saa yake mbovu?

JIBU: Kamwene dada! Umenichekesha halafu nikakumbuka baba yangu mzazi alifanya hivyo hivyo. Saa ya mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, haijui saa zetu zinazohesabu kuanzia jua kuchomoza. 02:00 ya king'amuzi ni saa nane usiku, saa yako mbili usiku kwake ni 20:00. Ukibanwa, chukua saa yetu ya usiku ongeza 18, saa mbili inakuwa 20, saa tano inakuwa 23, na ukivuka 24 toa hiyo 24, kwa hiyo saa nane, 26, inabaki 2, ndo hayo mahubiri yako.

Ila ushauri wangu usiandike saa kwa mkono kabisa. Fungua ratiba ya kwenye skrini, nenda juu ya jina la kipindi, bonyeza rekodi, ukitaka cha kila siku chagua mfululizo. Faida yake kubwa utaiona kwenye mpira. Uingereza wanabadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadilishi, ndo maana mechi yao ya Jumamosi ya saa tisa mchana kwao sisi tunaiona saa kumi na moja jioni mwezi wa tisa halafu mwezi wa kumi na mbili inakuwa saa kumi na mbili. Aliyeandika saa kwa mkono Novemba anarekodi saa nzima ya wachambuzi wamekaa kwenye viti.

SWALI: Kaka, mi huku Mafinga umeme unakatika katika. Na kila usiku nazima ukutani kuokoa LUKU, sasa mbona vipindi vya usiku havirekodi? Pia mvua ikinyesha rekodi inakuja imekatika vipande.

JIBU: Ukizima ukutani kimelala usingizi wa pono, kitarekodi na nini? Kizime kwa rimoti, kitasinzia chenyewe na kitaamka saa ya kurekodi. Umeme kinaokula angalia kibandiko cha nyuma, kama kinakula wati 20 muda wote, kwa siku ni karibu nusu uniti na kwa mwezi ni uniti 14 na kidogo. Kwa aliye kwenye tarifu ya chini, ile ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, hizo 14 sio za kupuuza, kwa hiyo ingia kwenye menyu tafuta hali ya kuokoa umeme uiwashe.

Umeme wa kukatika katika ndo unaoniogopesha zaidi, kwa sababu ndani kuna hadidiski, sahani inazunguka maelfu ya mara kwa dakika na kisindano kinasoma juu yake, ikikatwa ghafla kila siku na kurudishwa kwa kishindo haifiki mbali. Weka angalau stebilaiza, ukiweza UPS ndogo, ile yenye betri ndani. Na jamani, hiki nakisema kila nikienda kwa mteja: toeni vile vitambaa vya kufuma juu ya king'amuzi. Najua vinapendeza, najua mama kavifuma mwenyewe, lakini vile vitundu vya juu ndo pua yake. Juzi nimefungua kimoja hapa Mbeya, na baridi yetu hii ya mwezi wa saba, nikagusa mfuniko nikatoa mkono, chini ya kitambaa cha maua kilikuwa kinaiva.

Mvua haina dawa kamili, matone yenyewe yananyonya mawimbi njiani. Fundi akikunyooshea dishi vizuri signo ikawa juu siku ya jua, mvua ya kawaida utaivuka. Ile ya Machi ya radi, chomoa waya za dishi na wa umeme, acha rekodi ipotee.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi ni bibi yako wa Tukuyu. Mjukuu wangu alionekana kwenye habari za michezo, alikuwa amekaa na mashabiki pale uwanja wa Sokoine, wakamvuta karibu kabisa anacheka. Nimerekodi. Baba yake yuko Songea hakuona. Kijana wa dukani amejaribu kuihamishia kwenye flashi imegoma. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo bibi. Huyo kijana wa dukani hana kosa. Ving'amuzi vya kulipia vinafunga rekodi kwa kufuli la ndani, inasomwa na king'amuzi hicho hicho kilichoirekodi, hata hadidiski ukiitoa ukaiweka kwenye kompyuta utaona mafaili yasiyofunguka. Na king'amuzi kikifa, nayo imekwenda nacho. Kwa hiyo tufanye haraka.

Kwanza ingia kwenye orodha ya rekodi, simama juu yake, tafuta neno la kuilinda isifutwe, kwa sababu hadidiski ikijaa kinaanza kujifutia za zamani bila kuuliza. Halafu usiku mzime taa ya sebuleni, simu msiishike mkononi, iegemezeni kwenye kopo la sukari juu ya stuli, ilale kwa upana, kama hatua tatu kutoka kwenye TV, mkisogea karibu sana picha inakuwa na mistari mistari. Rudisha nyuma kidogo kabla mjukuu hajatokea, washeni simu irekodi, ndipo mbonyeze kucheza. Akifika anapocheka simamisheni hapo hapo mpige na picha ya kawaida, hiyo ndo baba yake ataweka kwenye skrini ya simu yake.

Tumeni Songea kwa WhatsApp. Na bibi, mwambie aliyeshika rimoti asiguse kitufe cha kufuta mpaka muone tiki mbili.