Nilibakiza pointi 8, sasa naogopa kucheza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, nina miaka 27. Nacheza sataranji kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea mtandaoni, michezo ya dakika tano tano, nikisubiri wateja au usiku nikiwa nyumbani. Mwezi wa pili kiwango changu, kile kinachopanda ukishinda na kushuka ukifungwa, kilifika 1,492, zikabaki pointi 8 niguse 1,500. Usiku ule nikafungwa mchezo mmoja. Nikasema hizi lazima nizirudishe, nikafungwa tena, na tena. Ilipofika saa saba usiku nilikuwa 1,428. Nimepanda taratibu mpaka 1,489, na tangu hapo, wiki ya sita sasa, sijacheza mchezo wa pointi hata mmoja. Nikitaka kubonyeza, moyo unaenda mbio na viganja vinatoka jasho. Natatua mafumbo tu na kutazama wenzangu wakicheza. Mke wangu anasema huo ni mchezo tu, niuache. Mimi naupenda, sitaki kuuacha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiuache.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana yamenipata hayo hayo. Mwaka 2020 nilifika 1,604, nikaiweka ile namba kama vyombo vya wageni kabatini: ya kutazamwa, isiguswe. Wiki tisa sikucheza. Siku mpwa wangu alipokuja Tanga tukatandaza ubao mezani, farasi wake akaruka akatishia mfalme na ngome yangu kwa pamoja, na mimi sikuwa nimemwona kabisa. Namba yangu kwenye simu ilikuwa bado 1,604. Iliniuma sana, na ndipo nikaanza kusoma namba hizi zinatoka wapi.

Hesabu ya Lichess inaitwa Glicko-2, na iliwekwa na mtaalamu wa takwimu, Mark Glickman. Pamoja na kiwango chako inatunza namba nyingine inayoonyesha mashine ina uhakika kiasi gani juu yako. Kila unapocheza, uhakika unaongezeka. Ukikaa bila kucheza unapungua, na ukikaa muda mrefu mno, kiwango chako kinaandikiwa alama ya kuuliza. Kwa hiyo hizo wiki sita unazoilinda 1,489, mashine yenyewe inazidi kuitilia shaka. Unalinda kitu kisicholindika kwa kukaa.

Kabla ya Glickman alikuwapo Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Marekani aliyezaliwa Hungaria, ambaye mfumo wake ulikubaliwa na shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, mwaka 1970. Yeye alifananisha kupima kiwango cha mchezaji na kupima kizibo kinachopanda na kushuka juu ya maji, kwa kijiti kilichofungwa kwenye kamba inayoyumbishwa na upepo. Mimi nimekulia pwani, nimeona maboya ya nyavu yakinesa toka utoto, na sijawahi kusikia mfano uliokaa vizuri hivyo. Wewe umelitazama boya likiwa juu ya wimbi, ukasema pale ndipo mahali pake.

Na ule usiku wako usiuogope kama laana. Nilipokuwa nafundisha hisabati niliwapa wanafunzi sarafu, kila mmoja arushe mara 20 na kuandika. Karibu nusu ya darasa walipata kichwa mara nne mfululizo au zaidi, na hesabu inasema hivyo hivyo. Ukicheza na watu wa kiwango chako, kufungwa mara nne mfululizo kutakujia tu, hata ukiwa umelala vizuri na umeshiba. Michezo minne ya mwanzo ilikuwa bahati ya kawaida. Iliyofuata uliicheza kwa hasira, na hiyo ndiyo ninayotaka uikate.

Nenda kwenye mipangilio ya Lichess, kuna sehemu ya kuficha viwango vya wachezaji wote, chako na cha mpinzani. Vifiche mwezi mzima. Dakika tano zako ziache kabisa, hasa dukani, maana mteja akiingia na simu iliyolowa maji utamhudumia huku saa inakula, halafu utajilaumu hujui kucheza. Cheza dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, nyumbani, michezo miwili kwa usiku. Ukifungwa yote miwili, siku hiyo imekwisha. Moyo ukienda mbio kabla ya kubonyeza, weka simu chini, kunywa maji, kisha bonyeza ukiwa bado na hofu kidogo. Hofu hiyo hupungua ukiwa ndani ya mchezo, kwa kuwa macho yanapata kazi.

Baada ya kufungwa usikimbilie kompyuta ikuonyeshe kosa. Kaa dakika kumi na mchezo huo, andika kwenye daftari ni hatua ya ngapi uliacha kuuliza mwenzako anataka nini. Mimi ninalo daftari la namna hiyo tangu 2020, na sehemu kubwa ya makosa yangu ni farasi.

Mkeo alikuona macho saa saba usiku, ndiyo maana anasema uache. Mwambie saa utakayomaliza, kisha maliza saa hiyo.

Mwezi ujao niandikie tena. Usiniambie umefika ngapi. Nitumie hatua za mchezo mmoja uliofungwa, kuanzia ya kwanza, tuutazame pamoja.