Fundi Anajibu: Nakala Iliyojificha Tumboni mwa Programu

Barua za safari hii zimekuja kwa mkupuo, na nyingi zinazunguka jambo moja: programu ya kulinda siri ije na vitu vyake vyote, au itumie vilivyomo tayari kwenye kompyuta? Nimeamua ukurasa wote uwe wa hilo. Wenye maswali ya printa mnivumilie. Printa zenu zitaendelea kukwama hata toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza nywila za ofisi nzima ndani ya KeePassXC, kwenye kompyuta ya Linux. Naona njia mbili za kuipata. Kwenye tovuti ya wenyewe kuna faili moja kubwa la AppImage: unalipakua, unaliruhusu liendeshwe, basi. Kwenye hazina ya Debian, mfumo wangu wa Linux, kuna kifurushi kidogo, ila kinavuta vitegemezi kibao, yaani vifurushi vingine kinavyovihitaji. Mdogo wangu, ambaye ndiye mjuaji wetu, anasema faili linalobeba kila kitu ni mzigo wa bure unaojaza diski. Mwenzangu kazini anasema hilo ndilo salama kwa kuwa limetoka mikononi mwa walioiandika. Nimsikilize nani?
Mtunza Funguo

JIBU: Marahaba. Mdogo wako kaona tatizo, ila kalishika mkiani. Diski haitajaa kwa sababu ya faili hilo. Muulize hivi: siku tundu likigunduliwa ndani ya maktaba mojawapo ambayo programu hii inaitegemea, ni nani atakayeliziba kwenye kompyuta yako, na utajuaje kwamba limezibwa?

Maktaba ninayoisema si ya vitabu. Ni msimbo ulioandikwa na watu wengine ambao programu inauazima: wa kusimba, wa kufungua picha, wa kubana mafaili. Programu inaweza kutumia nakala iliyomo kwenye mfumo, ambayo programu nyingine nazo zinaitumia, au ikaja na nakala yake yenyewe tumboni.

Mimi jambo hili limeniuma. Niliwahi kuandika kijiprogramu cha kupeleka nakala za mafaili yangu kwenye seva kupitia muunganisho uliosimbwa. Nikakiita chelezo. Ili kisinisumbue kila nikikihamishia kompyuta nyingine, nikakijenga pamoja na OpenSSL, maktaba ya kusimba, ndani yake. Faili moja tu, safi, nikajiona bingwa. Tarehe 7 Aprili 2014 ikatangazwa Heartbleed, kasoro iliyokuwamo katika OpenSSL kuanzia toleo la 1.0.1 hadi 1.0.1f. Aliye upande wa pili wa muunganisho aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya programu yako, hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja, na akarudia kadiri alivyotaka. Ndani ya vipande hivyo kungeweza kuwamo nywila, hata ufunguo wa siri. Nikasasisha mfumo usiku uleule, nikawasha kompyuta upya, nikalala fofofo.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nikaandika amri hii, inayochota maandishi yenye neno OpenSSL kutoka ndani ya faili:

strings chelezo | grep OpenSSL

Skrini ikanijibu: OpenSSL 1.0.1e 11 Feb 2013.

Nikausoma mstari ule mara tatu. Kompyuta nzima ilikuwa imezibwa isipokuwa pale nilipojenga mwenyewe. Meneja wa vifurushi, yaani programu ya mfumo inayosakinisha na kusasisha nyingine, hakuwa na habari na OpenSSL ile. Kwake chelezo lilikuwa faili tu, kama picha au barua. Hakuna aliyenionya kwa sababu mwenye kazi ya kunionya nilikuwa mimi. (Angalizo kwa watakaokimbilia kuijaribu amri hiyo: namba peke yake hudanganya. Debian iliziba Heartbleed kwenye toleo lake la 1.0.1e bila kulipandisha hadi 1.0.1g, toleo ambalo wenyewe walizibia tundu, hivyo wapo waliotishika bure. Mimi sikutishika bure.)

Na mambo hayo hayakuishia 2014. Septemba 2023 iligunduliwa kasoro kubwa katika libwebp, maktaba ya kufungua picha za WebP. Programu zilizojengwa kwa Electron, kiunzi kinachotumia kivinjari cha Chromium, Signal ya kompyuta ikiwamo, kila moja hubeba Chromium yake, na kila Chromium ilikuwa na libwebp yake. Ukisasisha libwebp ya mfumo, hizo zote hazikuguswa. Ilibidi kila mwenye programu atoe toleo lake, nawe usubiri zamu ya kila mmoja. Nilikaa na karatasi nikiweka tiki moja moja. Zipo ambazo tiki zake zilichelewa sana, na moja niliishia kuifuta.

Mpaka hapo mdogo wako anachekelea. Mwambie asubiri, kwani nakala ya pamoja nayo ina yake. Mwaka 2006, ndani ya Debian hiyohiyo, mtunza kifurushi cha OpenSSL aliondoa mistari miwili ya msimbo kwa sababu chombo cha kukagua kumbukumbu kilikuwa kikiilalamikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichanganya bahati nasibu inayozaa funguo. Baada ya hapo, kitu pekee kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba ya mchakato, na namba hizo hazizidi 32,768. Yaani kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, mtu angeweza kutengeneza funguo zote zinazowezekana na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Jambo hilo lilijulikana Mei 2008. Kila programu iliyotengeneza funguo kwa OpenSSL ile ilikuwa imetoa funguo za kuchezea. Aliyekuwa amejenga OpenSSL yake kutoka kwa wenyewe alipona, si kwa ujanja, ila kwa kutoshiriki.

Kwa hiyo mwenzako wa ofisini naye hajakosa hoja. Kati ya waandishi na wewe kuna mikono ya mtunza kifurushi, na mikono hiyo hubadilisha vitu. KeePassXC yenyewe ni ushahidi: mwaka 2024, kwenye matawi ya Debian yanayoendelea kujengwa, mtunza kifurushi alizima vipengele vya ziada, ukiwamo uunganishaji na kivinjari, kwa hoja kwamba programu ya nywila haipaswi kuwa na milango mingi. Waliosasisha wakakuta kivinjari hakizungumzi tena na nywila zao, wakaenda kuwalalamikia waandishi ambao hawakuwa wamegusa kitu. Ndiyo sababu ukitaka yenye vipengele vyote unatafuta kifurushi kinachoitwa keepassxc-full.

Ungekuwa mwanangu ningekushauri hivi. Kwa nywila za ofisi nzima, chukua ya Debian, ukiacha masasisho ya usalama yajisakinishe yenyewe. Sababu yangu ni ya kibinadamu kuliko ya kiufundi: mwenye nywila za watu wengi huwa na shughuli nyingi, na mwenye shughuli nyingi hasasishi kitu kinachomtaka akumbuke. AppImage ya mwaka juzi haijui kwamba imezeeka. Inafunguka vilevile na kukupa nywila vilevile. Ukiitaka hata hivyo, basi washa kipengele chake cha kuangalia matoleo mapya, hakiki sahihi ya kila faili unalopakua, na ufute la zamani siku hiyohiyo. Nimeona mtu ana matoleo manne kwenye folda moja na njia ya mkato inafungua la kwanza.

Jambo dogo la mwisho kwako, ambalo wengi hulisahau: kusasisha maktaba ya pamoja hakuifikii programu ambayo tayari imefunguliwa. Hiyo inaendelea kushikilia nakala ya zamani kwenye kumbukumbu mpaka uifunge. Na KeePassXC ni programu ambayo watu huifungua Jumatatu na kuiacha hadi mwezi uishe. Sakinisha needrestart, itakwambia ni zipi bado zinatumia nakala za zamani.

SWALI: Kaka fundi, mimi nimejaribu kuwa mwerevu. Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho, imekuja na fonti zake, maktaba zake, kila kitu chake, wakati kompyuta yangu ina fonti nzuri zaidi. Nikataka kuondoa zake nielekeze kwenye zangu. Rafiki akanizuia lakini hakuniambia kwa nini.
Mpenda Herufi

JIBU: Mshukuru rafiki yako. Tor Browser ni Firefox ya toleo la muda mrefu iliyorekebishwa ili watumiaji wake wafanane. Tovuti inaweza kuandika neno moja kwa fonti mia tofauti, tena mahali usipopaona, kisha ikapima upana wa neno kila mara. Upana ukibadilika, fonti hiyo unayo, usipobadilika, huna. Orodha inayopatikana hapo inaweza kukutofautisha na maelfu ya watu hata kama anwani yako ya mtandao imefichwa. Fonti zako nzuri zingekuwa kama kuvaa kofia nyekundu kwenye gwaride.

Kwa hiyo hapa kubeba kila kitu ndiyo kazi yenyewe ya programu. Ninayelalamikia vifurushi vinene kutwa nzima, hapa nanyamaza. Timu yake pia hutoa masasisho upesi na hujenga kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuchukua msimbo uleule, akaujenga kwake, akapata faili linalolingana baiti kwa baiti na lile ulilopakua. Hilo likilingana unajua hakuna aliyepenyeza kitu njiani. Debian nayo imekubali yaishe: kifurushi chao cha torbrowser-launcher hakijengi Tor Browser upya, kinaipakua kwa wenyewe na kuhakiki sahihi yake. Fonti zako zitumie kwenye barua.

SWALI: Fundi, nina ufunguo wangu wa OpenPGP, wa kufunga barua pepe kwa siri, kwenye programu ya GnuPG kwa miaka, na amri yake ya gpg inauona vizuri. Nimeweka Thunderbird, programu ya barua pepe, inaniambia sina ufunguo. Nimesakinisha GnuPG upya mara mbili, wapi! Nakosea wapi?
Barua Zimefungwa

JIBU: Hukosei, na tafadhali usiisakinishe mara ya tatu. Zamani Thunderbird ilitumia kiongezi cha Enigmail, nacho kilikwenda kugonga mlango wa GnuPG iliyopo kwenye kompyuta yako. Kuanzia toleo la 78 la mwaka 2020 Thunderbird inabeba maktaba yake yenyewe, RNP, pamoja na ghala lake la funguo. Wasiokuwa na GnuPG wamefaidika kweli, hasa wa Windows, maana hawahitaji tena kuitafuta mahali pengine. Wewe uliyekuwa nayo umeachiwa pete mbili za funguo zisizojuana.

Utoe ufunguo kwa gpg --export-secret-keys --armor, uhifadhi kwenye faili, kisha ndani ya Thunderbird ufungue Meneja wa Funguo za OpenPGP na uuingize. Faili hilo ulifute ukimaliza. Usiliache kwenye folda ya vipakuliwa kama risiti. Kama ufunguo wako uko kwenye kadi maalumu, hautoki. Hapo utaingia kwenye mipangilio ya ndani na kuweka mail.openpgp.allow_external_gnupg iwe true, ndipo Thunderbird ikubali kuiomba GnuPG ikufungulie. Funguo za umma za wenzako bado utaziingiza Thunderbird.

Kisha andika mahali utakapopaona: ubatilisho wa ufunguo wa mtu ukiingia upande mmoja, au ukiongeza muda wa ufunguo wako upande mmoja, upande wa pili haujui. Niliwahi kumwandikia rafiki barua iliyofungwa kwa ufunguo alioubatilisha miezi mitano nyuma. gpg yangu ilijua. Thunderbird yangu haikuambiwa.

SWALI: Baada ya kisa cha xz, ile maktaba ya kubana mafaili, si bora kila programu ijifungie na vitu vyake tu?
Mwenye Hofu

JIBU: Machi 29, 2024, Andres Freund alitangaza kwamba xz 5.6.0 na 5.6.1 zilipandikizwa mlango wa siri, baada ya kushangaa kuona kuingia kwa ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Ni kweli ssh iliathirika kupitia vitegemezi vya vitegemezi: yenyewe haiitaki xz, iliipata kwa sababu baadhi ya mifumo iliiunganisha ssh na maktaba ya systemd, msimamizi wa huduma za mfumo. Hapo hofu yako ina msingi. Ila aliyejifungia na xz yake angekuwa ameichukua kutoka pale pale palipotiwa sumu, na kama aliichukua ile ya 5.6.1, angebaki nayo mpaka akumbuke. Waliopona wengi walikuwa kwenye matoleo tulivu ya mifumo yao, ambayo yalikuwa bado hayajaifikia.

SWALI: Na Flatpak je?
(bila jina)

JIBU: Flatpak, njia nyingine ya kusambaza programu za Linux, iko katikati. Programu kadhaa zinashiriki msingi mmoja, kwa hiyo msingi ukizibwa, zote zimezibwa kwa flatpak update moja. Kisichokuwamo kwenye msingi bado kila programu inakibeba yenyewe, na hicho kinamsubiri mwenye programu. Ukiiendesha amri hiyo usiishie kuangalia kama imemaliza. Soma inachoandika: ikitaja kwamba msingi fulani umefikia mwisho wa maisha yake, tafuta ni programu ipi bado inauegemea. Kwangu wiki iliyopita ilikuwa programu ya kufuta taarifa zilizofichika ndani ya picha, na nilikuwa nimeshasahau kwamba ninayo.