TNF Haionekani? Ulizia Saa Kabla ya Kulaumu Elisa

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii kwa uchungu. Panya wake kawachoma LPS, ile sumu ya ukuta wa bakteria inayoamsha kinga ya mwili, wamejikunyata, manyoya yamewasimama, lakini Elisa (kipimo cha kingamwili kinachoonyesha jibu kwa rangi) ya TNF-alfa, protini ya kinga inayochochea uvimbe, inasema hakuna kitu. Sasa anatafuta hela ya kuagiza vifaa vipya. Nikamuuliza damu aliitoa lini. Akajibu: kesho yake asubuhi.

Ndugu yangu, ulikuta mgeni ameshaondoka. Baada ya LPS, TNF hupanda mbio kwenye damu ya panya, hufika kileleni kati ya dakika 60 na 90 hivi, na saa chache baadaye imeporomoka. IL-6, protini nyingine ya uvimbe, huchelewa kidogo. Kwa hiyo saa ya kutoa damu ndiyo kipimo chenyewe. Sahani ya Elisa, yenye visima vya kuwekea sampuli, inakuja baadaye.

Hili nimelipigania. Katika maabara niliyofanyia kazi, mkubwa mmoja alitangaza mbele ya wenzangu kwamba sijui kushika pipeti, ndiyo maana visima vyangu havina rangi. Nikamwekea mezani safu ya standadi, yaani visima vyenye TNF ya kiasi kinachojulikana. Zote zilikuwa zimegeuka bluu, na asidi ilipoingia zikawa njano, kali kwa hafifu kwa mpangilio wake. Maana yake kingamwili inayonasa na ile inayotambua zilikuwa nzima, kimeng'enya pia. Kilichokosekana ni TNF ndani ya seramu, yale maji ya damu yanayobaki ikishaganda. Tuliporudia kwa damu iliyotolewa saa moja na nusu baada ya LPS, njano ilikolea hadi ikapita standadi ya juu kabisa kwenye nanomita 450, ikanibidi nizimue. Hakuniomba radhi mpaka leo, na wala sijasahau.

Nyie mnaoanza, mna haraka ya kununua. Somesheni macho yenu standadi kwanza! Standadi zikifa, laumu vifaa au mikono. Zikiwa hai, rudi kwa panya.

Halafu muwe wachoyo wa seramu. Panya wa gramu 25 ana damu isiyozidi mililita 2 mwili mzima, na seramu ni nusu yake au pungufu, wakati kisima kimoja kinaweza kumeza mikrolita 100 na kila sampuli inataka visima viwili. Igawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kuigandisha, usiwe unayeyusha kichupa kilekile kila siku. Na ukizimua, zimua kwa viwango viwili tofauti. Ukishazidisha kila jibu kwa kiasi ulichozimua, majibu yakaribiane. Yasipokaribiana, usiamini hata moja. Standadi kwanza, nasema tena.

Na wewe uliyeniandikia, hiyo seramu ya kesho yake usiimwage. Pima amiloidi A ya seramu, protini ya ini ambayo kwa panya huwa juu sana karibu saa 24 baada ya LPS. Ina Elisa yake, na utazimua mara nyingi kuliko ulivyozoea.