Vipele vilipotea alipokwenda kwa shangazi yake

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu. Huu ni mwezi wa pili anatoka vipele vinavyowasha miguuni, mikononi na shingoni. Vikikauka vinatoka vingine. Tumebadilisha sabuni mara tatu. Kipimo cha damu kilionyesha ana mzio wa maziwa na mayai, tukavikata vyote, na wiki ya nne sasa hakuna nafuu. Krimu tuliyopewa ilisaidia siku chache tu. Mimi na baba yake hatuna hata kipele kimoja. Kinachonishangaza ni kwamba alikaa siku kumi kwa shangazi yake akarudi na ngozi safi, na huko alikula mayai kila asubuhi kwa kuwa shangazi hakujua habari za kipimo. Siku ya pili baada ya kurudi alilala mchana kwenye lile kochi letu la mtumba kama kawaida yake, jioni vikaanza tena. Homa hana, anacheza vizuri. Tunakosea wapi? (Mama aliyechoka)

JIBU: Pole sana mama. Barua yako imenifurahisha, kwa sababu jibu umelibeba mwenyewe na ukalitaja kama jambo la pembeni. Mtoto alipona alipohama nyumba, akaugua aliporudi. Kwangu habari hiyo ina uzito kuliko kipimo cha damu.

Ngozi ina njia chache sana za kulalamika. Inavimba, inawasha, inatoa malengelenge, inachubuka, basi. Lakini vinavyoweza kuifanya ilalamike ni vingi mno, ndiyo maana vipele vya watu wawili vinaweza kufanana kabisa na visababishi vyake vikawa mbalimbali. Nikitazama picha peke yake hukosea mara nyingi. Huwa nauliza vipele vimekaa wapi na vimeacha wapi, kipele kimoja kinadumu muda gani, nani mwingine nyumbani anajikuna, na ni kitu gani kiliingia au kubadilika kabla havijaanza.

Tuanze na chakula, maana hicho ndicho kilichowasumbua. Mzio wa maziwa au mayai unaotoa vipele vya ghafla huwa na haraka: dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula, ngozi inainuka mabaka mabaka, pengine midomo inavimba au mtoto anatapika. Wako alikula mayai siku kumi mfululizo na akarudi safi. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kulishinda jaribio hilo. Kipimo cha damu huonyesha kwamba mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya chakula fulani. Hakisemi kwamba chakula hicho kinamdhuru mtoto. Watoto wengi wana kingamwili hizo na wanakula bila shida yoyote. Mwonyeshe daktari atakayemwona majibu hayo, umweleze na habari ya kwa shangazi, nadhani atakuruhusu kumrudishia maziwa na mayai. Kumnyima mtoto wa miaka mitatu vyakula hivyo bila sababu ni hasara tupu.

Sabuni nayo siioni. Ingekuwa sabuni, ngozi ingekauka na kuwasha kila ilipopita, hasa kwenye mikunjo na sehemu zinazobanwa na nguo. Pumu ya ngozi katika umri huu hupenda ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, na haiji kwa kipele kimoja kimoja. Virusi vya utotoni huja na kuondoka ndani ya wiki moja au mbili, mara nyingi na homa. Tetekuwanga, kwa mfano, haimrudii mtoto kila wiki.

Kilichonifanya nisite ni upele wenyewe, ule wa kuambukiza unaoletwa na wadudu wanaochimba ngozini. Huo haupuuzwi. Anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 hadi 6 kabla ya kuwashwa, kwa hiyo wazazi kuwa safi leo si ushahidi kamili. Lakini upele haubaki nyumbani mtoto anaposafiri. Unapanda gari naye, unalala naye, na usiku wa huko unamkesha kama wa kwenu. Hata hivyo mkague vizuri katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, kwenye nyayo na sehemu za siri. Ukikuta vipele huko, au nyinyi wawili mkianza kujikuna usiku, nadharia yangu itakuwa imevunjika na nyumba nzima itahitaji dawa kwa siku ileile.

Sasa nadharia yenyewe. Vipele viko miguuni, mikononi na shingoni, yaani palipo wazi. Hukutaja mgongo, tumbo wala makalio. Vinatoka kwa mafungu, vinakauka, vinakuja vipya. Vinafuata nyumba, tena inaonekana vinafuata kochi. Naamini mwanao anaumwa na wadudu, na ngozi yake ina mzio wa mate yao. Swali langu kwako ni moja: kochi hilo liliingia nyumbani lini? Ukiniambia miezi miwili au mitatu iliyopita, sitashangaa.

Najua utauliza mbona nyinyi hamna kitu na mnakaa kochi hilohilo. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoikataa habari hii, wengine kwa hasira kidogo, kana kwamba nimewaambia nyumba yao ni chafu. (Kunguni hajali usafi, anachotaka ni damu na ufa wa kujificha.) Huenda mnaumwa pia. Ngozi ya mtu mzima iliyoumwa miaka mingi mara nyingi imeshazoea, haiitiki tena. Ya mtoto, hasa kati ya miaka 2 na 10, bado inapigana na kila tone la mate ya mdudu. Zaidi ya hapo, kung'atwa mahali pamoja tu kunaweza kuamsha alama za zamani zilizokwisha kutulia, mtoto akaonekana ametoka vipele ishirini usiku mmoja wakati ameumwa mara mbili. Jambo hilo liliwahi kunipoteza mimi mwenyewe. Zamani nilimtibu mtoto mmoja upele mara tatu kabla sijapata akili ya kuuliza analala wapi.

Unaweza kuipima nadharia hii nyumbani. Chukua kalamu ya wino, zungushia vipele vitatu vipya, kisha vitazame kesho saa hiyohiyo. Vikiwa vimehama au vimepotea kabisa, hayo ni mabaka ya mzio yanayotokea kwa sababu nyingine, na kwa watoto wadogo sababu hiyo mara nyingi ni virusi tu. Vikiwa palepale, vigumu kwa kidole, na katikati kuna kitone kidogo, ni alama za kung'atwa. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na kidole kitakwambia zaidi ya jicho. Tazama pia kama vimepangana viwili vitatu kwa mstari.

Kisha fanya jambo ambalo hamkulifanya mwanzo: badilisha kitu kimoja tu. Mmebadilisha sabuni, chakula na dawa kwa pamoja, ndiyo maana hamjui kipi kimefanya nini. Kwa wiki mbili mtoto asikanyage kochi, mengine yote yabaki kama yalivyo. Wakati huohuo lifungue kochi usiku kwa tochi. Pita kwenye mishono, chini ya mito, kwenye misumari na viungo vya mbao. Unatafuta vidoa vyeusi kama vya wino, maganda membamba ya kahawia, au mdudu mwenyewe, bapa, saizi ya mbegu ya tufaha. Kagua na godoro lake. Kama mna paka au mbwa, mchane kwa kitana chembamba juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Punje nyeusi zikiacha rangi nyekundu, ni kinyesi cha viroboto.

Ukiwapata kunguni, usidhani kulitoa kochi nje mwezi mmoja kutawaua kwa njaa, wanaweza kukaa miezi bila kula. Nguo na vitambaa vifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, na kochi lishughulikiwe na mtu anayejua kazi hiyo. Tafadhali usipulize dawa ya wadudu kwenye godoro la mtoto, wala usimpake mwilini.

Krimu mliyopewa sikuiona, ila kama ni ya steroidi, ilifanya kazi yake: ilituliza alama zilizokuwepo. Haiwezi kumzuia mdudu wa kesho. Daktari akiona inafaa, ipakwe kwenye kipele chenyewe, siku chache, si mwili mzima. Epuka zile krimu zilizochanganya steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria pamoja. Zinapunguza kila kitu kidogo, zinaficha choa, na mwisho hakuna anayejua anatibu nini. Mkate kucha. Kipele kikitoa usaha au gaga la rangi ya asali, bakteria wameingia na anahitaji matibabu mengine.

Na kama siku yoyote vipele vikaja na homa, bonyeza kwa bilauri ya kioo. Vidoa visivyofifia chini ya kioo, mtoto mwenye usingizi usio wa kawaida, anayepumua kwa shida, aliyevimba midomo au ulimi, au mwenye malengelenge yaliyoingia mdomoni na machoni, huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Homa iliyofikisha siku tano nayo isisubiri.

Alama nyeusi zitabaki miezi kadhaa hata baada ya wadudu kwisha. Zisikutie wasiwasi wala zisikufanye ununue krimu za kung'arisha. Unachohesabu ni vipele vipya tu. Ukimkamata mdudu, usimponde. Mbandike kwenye utepe wa gundi unaopitisha mwanga, uje naye kliniki pamoja na mtoto, maana kunguni na kiroboto hawafukuzwi kwa njia moja.