Kumtafuta babu aliyekuwa Keya: liache jina kwanza, tafuta namba

Ndugu yangu wa Arua, nimesoma swali lako mara mbili. Babu yako alienda vitani na Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akarudi na nyota moja ya shaba na picha moja, akafariki kabla hujazaliwa. Umelitafuta jina lake kwenye intaneti siku tatu hukuona kitu, na sasa unauliza uanzie wapi. Mimi ni mtu wa Bombo, hapa hapa Uganda. Babu yangu alikuwa Keya vilevile, na nimemfuatilia kwa miaka sita, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kirefu.

Jina liweke pembeni kwanza. Najua linauma, maana jina ndilo mlilobaki nalo nyumbani, lakini kwenye makaratasi ya wakati ule jina la askari ni vile karani alivyolisikia siku ile. Fadlmula mmoja utamkuta Fadimulla, Fadul Mula, Fademoola, na wote ni mtu yule yule. Kwa watu wa West Nile, upande wenu huo wa Arua, ni vigumu zaidi: huyu alijiandikisha kwa jina la baba, yule kwa jina la chifu aliyempeleka, mwingine alisilimu kambini akaja na jina jipya kabisa ambalo mama yake hakulijua. Ukitafuta jina kama linavyotamkwa leo utarudi mikono mitupu hata kama karatasi zake zipo.

Kisichobadilika ni namba. Kila askari alikuwa na namba yake, ikimfuata tangu siku anaapishwa mpaka siku anaachishwa, na mara nyingi ilikuwa na herufi mbele. Usiziache herufi hizo unaponakili.

Sisi namba hatukuwa nayo. Mwaka 1979, vita vya kumwondoa Idi Amin vilipofika, watu wa Bombo tulikimbia na tulichoweza kubeba, na sanduku la bati la babu likabaki ndani ya nyumba. Tuliporudi hapakuwa na sanduku wala mlango. Kwa miaka mingi niliamini habari imeishia hapo. Kilichotuokoa ni msiba: nilienda Kibera, Nairobi, kwa mazishi ya jamaa, na usiku wa matanga shangazi mmoja akatoa bahasha. Ndani yake kulikuwa na cheti cha babu cha kuachishwa jeshi. Babu alikuwa amemwachia kaka yake, aliyekuwa akimfuatilia madai yake huko. Namba ilikuwa juu kabisa ya karatasi. Nililia mbele za watu. Basi kabla hujapanda basi kwenda Kampala, zunguka kwa ndugu wote, hasa wale walioolewa au waliohamia mbali. Karatasi mara nyingi hukaa kwa yule ambaye hakuna anayemkumbuka kumuuliza.

Wazee wasikilize kwa makini, na uandike neno kama lilivyotoka kinywani. Haboba wetu, yaani bibi yetu, alikuwa akisema babu "alienda Bama akakaa sana." Sisi watoto tulisikia boma, tukadhani alikuwa mlinzi wa boma la Entebbe. Nilipoteza karibu mwaka mzima kwenye mafaili ya Entebbe kabla sijaelewa kwamba Bama ni Burma, nchi ya Asia ambayo siku hizi inaitwa Myanmar.

Sasa vitu ulivyonavyo. Ile nyota itazame utepe wake. Kama ni wa buluu iliyoiva, una mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande wa buluu umepitiwa na mstari wa rangi ya chungwa, hiyo ni Nyota ya Burma, na umeshajua alikopigana. Usihangaike kutafuta jina lililochongwa, kwa sababu nyota za vita vya pili walizopewa askari wetu zilitoka bila majina. Ni tofauti na medali za vita vya kwanza, za 1914 hadi 1918: zile zina namba, cheo, jina na kikosi kwenye ukingo, kwa herufi ndogo sana. Ukimwona mwenzako anauza medali ya aina hiyo kwa mnunuzi wa vyuma, mzuie, mwambie kwanza asome ukingo.

Kwenye picha tazama kofia na mabega. Babu yangu kwenye picha yake ya ujana amevaa tarbushi yenye namba 4 iliyoandikwa kwa Kiarabu, na hiyo ilitosha kuniambia ni batalioni ya nne, ile ya Uganda iliyokuwa na makao yake hapa hapa Bombo. Ukiona kichwa cha kifaru begani, fikiria Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Batalioni ya nne ilikuwa katika brigedi ya 21 ya divisheni hiyo. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya kule, matope mpaka magotini na malaria juu yake, wakaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Batalioni ya saba, nayo ya Uganda, ilikuwa brigedi ya 28, na ilipigana upande wa Letse mwanzoni mwa 1945. Lakini usiseme tu kwamba kwa kuwa ni mtu wa Uganda basi alikuwa nne au saba. Wengi walikuwa madereva, watu wa mizinga, wahudumu wa hospitali, na hao karatasi zao ziko kwingine kabisa.

Ukishajua kikosi, kuna Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Huko usitegemee faili binafsi la babu yako. Mafaili ya askari wetu wa kawaida hayakuwekwa kule. Utakachopata ni shajara za vita, yaani daftari ambalo kila kikosi kiliandika siku kwa siku. Za Burma ziko kwenye mfululizo wa WO 172, za Ethiopia na Afrika Mashariki kwenye WO 169. Kadi ya msomaji ni bure, na kupiga picha kwa simu yako ni bure, kwa hiyo ukiwa na ndugu kule, mwombe siku moja tu. Mpwa wangu alinipigia kurasa mia mbili na kitu.

Nikuambie ukweli kuhusu shajara hizo, ili zisikuvunje moyo kama zilivyonivunja mimi. Mzungu akijeruhiwa, ameandikwa kwa jina. Askari wetu wakifa, imeandikwa "askari watatu." Basi. Nilisoma mwezi mzima wa matope na risasi nikitafuta jina moja tu la mtu wa kwetu, sikuliona. Hata hivyo zisome, kwa sababu zitakupa tarehe na mahali. Babu yangu alichechemea mpaka anakufa, na sasa najua alikuwa wapi mwezi ule alioumia, mvua ilikuwa ya namna gani, na chakula kiliangushwa kwa ndege siku zipi.

Mahali ambapo mwenzetu anatajwa kwa jina ni kwenye nishani za ushujaa. Mapendekezo ya nishani za vita vya pili yako WO 373, unaweza kuyatafuta kwenye mtandao, na yanaeleza alichofanya mtu. Gazeti rasmi la London nalo linasomwa bure. Ile orodha ya tume ya makaburi ya vita wewe ipite, kwa sababu inaandika waliofia jeshini, na babu yako alirudi. Wengine mnaosoma hapa ambao wazee wenu hawakurudi, itafuteni, ila mjue kwamba tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kuwa Waafrika wengi, hasa wapagazi wa vita vya kwanza, hawakuandikwa kwa majina popote.

Sehemu iliyonipa babu yangu mwenyewe, kama mtu, ni Wandegeya, Kampala, kwenye Hifadhi ya Taifa ya hapa kwetu Uganda. Nilikwenda na kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na ile namba. Siku ya nne, ndani ya faili la barua za askari waliostaafu, nikakuta barua ameiandikisha kwa karani, anaomba kiwanja, anasema ametumikia miaka kumi na sita na mguu wake haufai tena kwa jembe. Chini kuna dole gumba lake. Niliweka kidole changu juu ya karatasi ya nailoni iliyolifunika, nikakaa hivyo kitambo.

Kwako wewe, uliza pia mafaili ya wilaya. West Nile iliingia Uganda mwaka 1914, kwa hiyo usitafute kitu cha Arua kabla ya hapo. Omba barua za mkuu wa wilaya za 1945 mpaka 1950, wakati askari wanarudi nyumbani, na usome hata zile ambazo kichwa chake hakitaji jeshi: kodi, viwanja, kesi za mahari. Askari aliyerudi alikuwa na madai, na madai huacha karatasi.

Kwa leo fanya jambo moja. Ile picha uliyosema imebandikwa kwenye fremu, itoe taratibu, uipige upande wa nyuma, uiweke hapa. Studio nyingi za wakati ule zilipiga mhuri wa mji, na askari wengi waliandikisha namba nyuma kabla ya kuituma nyumbani.