Jumuiya ya kwanza haikuvunjwa na Amin peke yake
Ndugu, umeuliza kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilivunjwa na Idi Amin. Si yeye tu. Kweli, alipopindua serikali ya Uganda 1971, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na marais watatu wa Jumuiya, wa Kenya, Uganda na Tanzania, hawakukutana tena. Lakini manung'uniko yalikuwapo tangu zamani: Tanzania na Uganda zililalamika kwamba viwanda vinarundikana Kenya. Mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja likafa, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Hapo ndipo huniuma: pale Namanga, Wamasai wenye ndugu pande zote mbili walitenganishwa na kizuizi hadi 1983. Mali za Jumuiya ziligawanywa 1984. Mkataba mpya wa kuifufua Jumuiya ukatiwa saini Arusha, Novemba 30, 1999.