Hemloki ya shemeji si ile ya Socrates

Ndugu yangu wa Kigamboni, umeuliza kama mche wa hemloki anaotaka kukuletea shemeji kutoka Marekani utaua mbuzi wako. Hapana. Sumu aliyokunywa Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ilitoka kwenye hemloki nyingine, mmea wa ukoo wa karoti. Huu wa shemeji ni mti wa jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Tsuga, ndugu wa mipaini ya shamba la miti la Sao Hill; kuitwa jina moja, inasemekana, ni kwa sababu majani yake yakipondwa hunukia kama ule wa sumu. Majani ni mafupi, bapa, chini yana mistari miwili myeupe; koni ni ndogo, zinaning'inia. Ila ni mti wa baridi, joto la Dar litaukausha. Na bila kibali cha kuingiza mimea, mche utaishia uwanja wa ndege. Panda mvinje, ingawa nao (wengi hubisha!) si mpaini.